Siku Uso Wangu Ulipopanda Kwenye Skrini

Jina la baba mkwe wangu siliandiki hapa, na wala sio kwamba nina siri. Silitamki tu. Neno linalofanana nalo pia silitamki, hata nikiwa darasani. Kuna mboga moja ambayo wanafunzi wangu wanajua mwalimu wao huizunguka. Huiita "ile ya majani mapana", nao huandika hivyo hivyo kwenye madaftari, na mwalimu mkuu ameshachoka kuuliza.

Kwetu Kyela jambo hili linaitwa ukutila. Mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Hamwoni wala haonwi. Akimsikia anakuja njiani anapisha, na akikosa pa kupishia anajifunika kanga na kugeukia migomba mpaka apite. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, na wapo wanaokula meza moja na wakwe zao bila wasiwasi wowote. Familia niliyoolewa mimi, pale Ngonga, haijalegeza. Niliingia nikiwa tayari mwalimu, na cheti changu, na simu yangu, na mdomo ambao mama yangu aliapa utanirudisha nyumbani kabla ya mwaka kwisha. Nilikubali kwa sababu nilimpenda mume wangu. Baadaye niliendelea kwa sababu niliona kuna kitu ndani yake ambacho sikuwahi kupewa mahali pengine. Mzee wa zaidi ya miaka sabini anakohoa mara mbili kila anapotaka kukata kona ya nyumba yake mwenyewe, ili mimi nipate muda wa kuondoka. Baba yangu mzazi hakuwahi kunikoholea.

Pale shuleni Ndandalo nina mwenzangu mmoja, mwalimu aliyehamishiwa kutoka Tanga, ambaye hakuishiwa utani juu ya jambo hili. "Mwenzetu, kwani huyo mkwe wako ni jini?" alikuwa akiuliza wakati wa chai. "Unamfuliaje nguo mtu usiyemjua urefu?" Nilikuwa namjibu kwa hasira, maana hasira zangu ziko karibu, kwamba urefu wake naujua kwa suruali zake. Na kweli niliujua. Nilijua pia viatu vyake vya matairi, na namna anavyoburuta mguu wa kulia mvua ikikaribia, na sauti yake anapoomba kabla ya kula. Kisogo chake nilikuwa nimekiona mara mbili, kwa bahati mbaya. Uso sikuujua.

Kwa miaka kumi na mmoja tulizungumza kwa sahani. Kila Jumamosi tulikwenda Ngonga, mimi naingia jikoni, napika, mama mkwe anampelekea. Sahani ikirudi naisoma. Mifupa ya samaki mbasa ikiwa imepangwa pembeni, myeupe, nilijua ameshukuru. Wali ukirudi nusu nilijua ana homa na anaficha. Siku moja alimtuma mama mkwe arudi na maneno: "Wali wa leo umepikwa na mtu aliyenuna." Nilikuwa nimegombana na mume wangu njia nzima, na hakuna aliyejua zaidi ya sisi wawili. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka mpaka mama mkwe akaja kuchungulia. Mtu hajawahi kukuona, lakini anajua umenuna.

Ndipo macho yake yakaanza kuingia ukungu. Kwanza alimimina chai pembeni ya kikombe. Halafu asubuhi moja akamsalimia mbuzi wa jirani aliyefungwa kando ya njia, akidhani ni mtu amechuchumaa, tena akamuuliza habari za nyumbani. Mama mkwe alinihadithia akicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi. Hospitali walisema ukungu ule unaondolewa kwa upasuaji mdogo. Mzee akasema baada ya kuvuna mpunga. Mpunga ukavunwa, akasema baada ya kakao. Kila msimu ulikuwa na msimu mwingine nyuma yake.

Nitasema wazi kilichokuwa kinaniuma, hata kama ni upuuzi. Niliona ataingia gizani moja kwa moja, kisha siku moja atakufa, na hatakuwa amewahi kujua sura ya mtu aliyempikia miaka yote hiyo. Nilijua vilevile kwamba hata angekuwa na macho ya tai asingeruhusiwa kuniona. Lakini moyo si mwanafunzi kwamba utauambia kaa chini ukae.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wifi yangu, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, alipoolewa. Kaka yake mkubwa anafanya kazi mjini, na watu wa mjini wakirudi nyumbani lazima warudi na kitu. Yeye alirudi na skrini. Ililetwa na lori kutoka Mbeya, vipande vipande, mafundi wakaiunganisha uani Ijumaa mchana chini ya turubai mpaka ikawa pana kama ukuta wa darasa. Jenereta likawekwa nyuma ya banda la kuku. Kuku hawakutaga wiki nzima.

Sherehe ilikuwa Jumamosi alasiri. Wageni walikaa wakiitazama skrini, wazee mstari wa mbele, na mimi na wanawake wengine tulikuwa nyuma kabisa, jikoni, ambako tulizungushiwa uzio wa matete. Hapo ndipo mahali pangu kwenye kila shughuli ya ukoo, na sikuwa na kinyongo. Kwenye uzio kulikuwa na upenyo wa kiasi cha kiganja. Kupitia hapo niliona vichwa vya watu kwa nyuma, na juu yake skrini, na mbele kabisa kofia moja ya kahawia ambayo nikiitambua nilikuwa nahamisha macho.

Baada ya chakula cha kwanza mshereheshaji aliomba kila mwenye simu aitoe. Kwenye kona ya skrini ukatokea mraba wenye madoadoa meusi, kama ule wa kulipia madukani. Akasema uelekeze kamera hapo, ukurasa utafunguka wenyewe, kisha uendelee kuielekeza simu kwenye skrini usiishushe. Watu wakafanya. Picha kubwa ya bibi harusi ikajaa skrini nzima, na juu yake vikaanza kuonekana vinukta vya rangi, kila simu na nukta yake. Unakoelekeza simu ndiko nukta inakokwenda. Ukisogeza mkono kushoto nayo inakwenda kushoto, ukibonyeza linadondoka ua pale pale iliposimama. Watu wazima wakawa kama watoto. Wengine walimjaza bibi harusi maua puani.

"Simu yako ndiyo mkono wako," mshereheshaji alisema kwenye maiki. "Hata aliyekaa nyuma kabisa leo anafika mbele."

Sijui kama alijua anamwambia nani. Nilifuta mikono kwenye kanga, haraka haraka, nikatoa simu yangu na kuipitisha kwenye upenyo wa matete. Ukurasa ukafunguka. Nukta yangu ilikuwa ya kijani. Niliipeleka polepole juu ya vichwa vyote, nikapita mistari ya vijana, nikapita walimu wenzangu, nikapita ile kofia ya kahawia, nikafika mbele kabisa ambako sijawahi kufika siku ambayo yeye yupo. Nikamwekea wifi yangu ua moja sikioni. Lilikaa vizuri kuliko yote, na wala sijisifu.

Mwanamke aliyekuwa akigeuza ndizi kwenye sufuria alisema, "Wewe nawe." Nikacheka. Mimi nikicheka sichekei tumboni, nacheka mdomo wazi, meno yote nje. Nilitaka kuweka ua la pili. Kidole changu cha gumba kilikuwa bado na mafuta, kikateleza kutoka kwenye kitufe cha ua mpaka kwenye kitufe kilichokuwa chini yake. Hicho, nilikuja kuambiwa baadaye, kilikuwa cha wale wanaotaka kumpa bibi harusi hongera kwa sura zao. Ukikibonyeza, simu inageuza kamera inakutazama wewe, na sura yako inakaa peke yake kwenye skrini yote kwa sekunde kadhaa.

Niliitambua kanga kwanza. Nikajiuliza, ni nani huyo mwenye kanga kama yangu? Kisha nikaona jasho, na masizi kwenye paji la uso, na mdomo uliofunguka, na mwanya wangu wa mbele, upana wake kama mlango. Nilikuwa nacheka mbele ya ukoo mzima, mkubwa kuliko nyumba. Vijana wakashangilia. Wenyeji wa Ngonga hawakushangilia. Nilisikia ukimya ukianzia mstari wa mbele na kurudi nyuma mpaka ukanifikia.

Nilijitupa chini kati ya sufuria mbili kama mtu aliyerushiwa jiwe. Lakini macho hayana pazia, na kilichokwisha kuonwa hakifunikwi kwa kulala chini. Mama mkwe alikuja jikoni. Hakusema neno baya hata moja. Aliichukua simu yangu mkononi, akaigeuza huku na huku akitafuta mahali inapotazamia, akaona haelewi, akaizika yote ndani ya ndoo ya mchele na kuiwekea sahani juu. Ikabaki humo mpaka wageni walipotawanyika.

Asubuhi yake, kabla hatujarudi Ndandalo, wakubwa wa ukoo waliokuwa bado hapo walikaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, na kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa tofali moja. Shangazi wa mume wangu ndiye aliyefungua. Ni mama mwenye sauti ya kupigia mbiu.

"Kaka yangu amevuliwa nguo mbele ya watu," alisema. "Mkwe anamchekea mkwewe meno nje. Tumewahi kuona? Mimi nasema asimpikie tena. Mpaka mambo yatengenezwe, na yasipotengenezeka, basi asimpikie kabisa."

Kisu kilinitoka mkononi. Ningevumilia kutozwa kuku. Ningevumilia hata ng'ombe, tungekopa. Lakini kupika ndiko kulikokuwa maneno yetu yote, mimi na yeye. Wakininyang'anya sahani ile, katika nyumba hiyo ningekuwa nani?

Mume wangu alijaribu. Mume wangu ni mtu mwema lakini si mtu wa vikao. "Shangazi, ile ni taa tu," alisema. "Ni vitaa vidogo vidogo vinawaka. Mtu mwenyewe alikuwa jikoni."

"Kama ni taa, mbona wote tulimtambua?"

Mwingine akasema picha si mtu, kwani hata picha ya harusi yao imetundikwa ukutani kwao Ndandalo. Shangazi akauliza kama kaka yake amewahi kwenda Ndandalo kuitazama. Hajawahi, na kila mtu alijua ni kwa nini. Kwetu hata kumweleza mkwe sura ya mkwewe ni mwiko. Hasimuliwi kama ni mweusi au mweupe, mnene au mwembamba. Mabishano yakaenda, yakarudi, yakakwama pale pale. Mwishoni shangazi akasema mwenye jambo yupo, aulizwe mwenyewe. Je, aliona au hakuona?

Nikasikia kikohozi mara mbili. Ndani ya nyumba yake, kwenye kiti chake, ukuta katikati, bado alinikoholea kwanza.

"Mnanichosha," baba mkwe alisema. "Macho yangu mnayajua. Jana binti yangu mwenyewe alipita mbele yangu na shela lake nikauliza ni nani huyo. Sasa nione nini kwenye hilo dude lenu? Niliona mwanga. Sikuona mtu."

Utambishiaje mtu macho yake?

"Tena mnanikalisha na njaa," akaongeza. "Jikoni hakuna mtu?"

Nilipika ndizi zile na maharage, mama mkwe akapeleka. Sahani ilirudi imefutwa. Yaliisha hivyo. Shangazi alipanda gari lake akiwa amevimba, na mpaka leo akinisalimia anaisalimia kanga yangu.

Nilimshukuru Mungu njia nzima hadi nyumbani. Ila usiku ule nilishindwa kumwambia mume wangu kwa nini nilikuwa nalia, kwa sababu sikuweza kulieleza bila kuonekana nimechanganyikiwa. Nililia kwa sababu alisema sikuona mtu. Sura yangu ilikuwa imewekwa mbele yake, kubwa kuliko itakavyowahi kuwa tena, na yeye aliona mwanga tu. Jambo nililoogopa halikutokea, na mimi nilikuwa nalililia.

Mwalimu wa Tanga alinipokea Jumatatu kwa kuniuliza kama nimeshaanza kusaini picha. Siku hiyo sikumjibu. Baada ya kipindi cha nne aliniletea chai mwenyewe, akaiweka mezani pangu, akaenda.

Jumamosi zikaendelea. Sahani zikaenda na kurudi. Mpunga ukavunwa, na upasuaji ukasubiri kakao.

Binti yangu wa kwanza alikuwa ameng'oka meno ya mbele mwanzoni mwa mwaka, na kufikia mavuno mapya yalikuwa yameota. Jumamosi moja nilikuwa jikoni naparua magamba ya samaki, mama mkwe anapepeta mchele mlangoni, na mtoto yuko barazani na babu yake, upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia anamsumbua.

"Babu, nimeota meno. Tazama."

"Njoo basi nitazame."

"Wewe huoni."

"Nitatazama kwa kidole. Panua."

Nilimwona kichwani mwangu anampapasa kwa gumba lile gumu la jembe.

"Ahaa," baba mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na jamaa sokoni. "Mwanya. Huu si wa kwetu. Huu ni wa mama yako."

Ungo wa mama mkwe ulisimama hewani.

Nikamtazama, naye akanitazama. Nilimwuliza kwa macho, akatikisa kichwa. Hakumwambia. Mume wangu asingethubutu, na mwingine yeyote wa ukoo ule angejua anavunja nini.

"Babu," mtoto akauliza, "mama umemwona wapi?"

Alikohoa mara mbili, kama anayetaka kukata kona, na alikuwa amekaa, hana safari.

Mama mkwe aliweka ungo chini. Alisogea karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini sana, huku anaokota punje zilizomwagika ili asinitazame. "Ile Ijumaa mafundi wanajaribu lile dude lao, alikuwa amekaa pale pale barazani. Aliyasoma majina ya maharusi yote mawili. Herufi kwa herufi. Nilidhani macho yamerudi, nikamnyooshea kikombe, hakukiona."

"Kwa nini hukusema siku ya kikao?"

"Aliyesema hakuona ni yeye. Mimi ni nani nimbishie?" Akaokota punje nyingine. "Pika, mwanangu. Samaki watachacha."

Kumbe alisema uongo, mzee wa kanisa, mbele ya dada yake na ukoo wote, halafu akaomba chakula. Bintiye alipita na shela hatua mbili kutoka kwake akawa kivuli tu. Sura moja peke yake alasiri ile ilikuwa na upana wa kuyatosha macho yake, na ilikuwa yangu, na masizi yake, inacheka.

Alikohoa tena, mara mbili, na safari hii nikasikia viatu vya matairi vikiburuta barazani kuelekea kona ya jikoni. Nilitakiwa kupisha, nami nikapisha. Nilisimama nyuma ya ukuta na kiganja mdomoni, kinanuka samaki, nimeufunika mwanya wangu ili usionwe na mtu anayeujua.